Nilikatwa kila mwezi na bado kadi ikafungwa

Habari zenu ndugu. Naandika hili hasa kwa wenzangu wenye ulemavu ambao mko kazini, au ndo mnaanza kazi mwezi huu na mmeambiwa mtakuwa mnakatwa hela ya bima ya afya. Mimi nimepitia, nimelipa kwa hela na kwa machozi, na kila nikikumbuka naona sehemu nne tano ambazo mtu angeninong'oneza neno moja tu yasingenikuta.

Nina miaka 41, mzaliwa wa Sengerema, polio ilinipata nikiwa na miaka 3, mguu wa kulia ukabaki vile, natembea kwa magongo mawili na chuma cha mguu, kile tunachoita kalipa. Nina watoto wawili na mama yangu mzazi ananitegemea mimi. Mwaka 2021 nilipata kazi kwenye kampuni moja ya kununua na kusafirisha dagaa pale Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, sitaitaja jina. Nilikuwa karani wa mizani, yaani viroba vinapanda mizani mimi nimekaa mezani naandika kilo, jina la mwenye mzigo na bei, kuanzia asubuhi mpaka jioni, vumbi la dagaa puani. Mshahara laki 4. Kwa mtu niliyekuwa nashonea watu nguo barazani kwa kubahatisha, laki 4 ya uhakika ilikuwa kitu kikubwa sana. Na nafasi yenyewe niliipata kwa kuulizia mlangoni tu. Wengi wetu hatujui kwamba sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 ambao ni watu wenye ulemavu. Ile kampuni ilikuwa na watu kama 40. Ulizieni, msione aibu.

Sasa siku ya kujaza fomu mhasibu akaniuliza, dada na wewe tukuweke kwenye bima? Akanielezea kwamba ni mfuko wa taifa, NHIF, mchango ni asilimia 6 ya mshahara, mfanyakazi anatoa 3 na mwajiri anatoa 3, kwahiyo mimi ningekatwa 12,000 na wao wangeongeza 12,000. Alafu akamalizia kwa nia njema kabisa, "Ila nyie watu wenye ulemavu si mnatibiwa bure?" Na mimi nikaamini! Nimeishi na ulemavu karibu miaka 40 na sikuwahi kukaa chini nikauliza kama hilo ni kweli, nilisikia tu kila mahali kwamba walemavu, wazee na wajawazito ni bure. Nikamwambia basi niache kwanza, hiyo 12,000 nikaona ni ada ya tuisheni ya mtoto.

Miezi kama nane baadae bega la kushoto likaanza kuuma. Sio kuuma kwa kuchoka, hapana, nikiegemea gongo nasikia kama kuna msumari ndani. Nikaenda hospitali, pale dirishani nikasema mimi nina ulemavu naomba msamaha wa malipo, wakanielekeza kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Yule dada alinipokea vizuri, akanikalisha, akaniuliza unafanya kazi? Nikasema ndiyo. Una slipu ya mshahara? Nikasema ndiyo, tena nikamwonyesha kwa fahari. Akanitazama kwa huruma akaniambia mama, msamaha unaangalia kama mtu ana uwezo wa kulipa au hana, hauangalii mguu. Wewe una mshahara, kwenye msamaha huingii, na hapo kazini umekataa bima, kwahiyo umekaa katikati.

Hilo neno "katikati" sijalisahau. Ndo hali yetu wengi. Mtaani unaonekana ni wa kusaidiwa, ofisini unaonekana una kipato, na kipato chenyewe nusu kinaishia kwenye ulemavu. Bajaji kutoka Pasiansi mpaka Kirumba kila siku kwa sababu kupanda haisi na magongo saa moja asubuhi ni vita. Mipira ya chini ya magongo, huku kwetu mawe kila mahali inalika haraka, miezi miwili imeisha, na ikilika usipobadilisha siku ya mvua unaanguka. Kiatu cha kalipa lazima fundi akipandishe soli. Hizi hela hakuna bima inayozilipa wala hakuna slipu inayoziandika.

Siku ile nikalipa kesh, na Januari 2022 nikaingia NHIF. Kama wewe ndo unaanza, usifanye nilivyofanya, ingia siku ya kwanza hata kama unajisikia mzima. Na andaa karatasi mapema. Mimi niliwaandikisha watoto wangu wawili na mama, maana mfanyakazi anaruhusiwa mwenza na wategemezi wanne, na wazazi wanaingia humo. Kilichonichelewesha ni vyeti vya kuzaliwa, mdogo hakuwa nacho, na jina langu la kati kwenye cheti cha mkubwa limeandikwa tofauti na la kwenye kitambulisho cha NIDA. Herufi moja tu. Wiki tano nazunguka. Kagueni herufi zenu leo kabla hamjahitaji.

Niseme ukweli, kadi ilinifaa. Bega nilifanyiwa vipimo, nikapata mazoezi tiba mara mbili kwa wiki, na daktari ndo akanielezea kitu ambacho sikuwahi kukisikia, kwamba watu wengi tuliougua polio utotoni, ikipita miaka mingi misuli inaanza tena kuchoka na kuuma, hata ile iliyokuwa mizima, na bega langu limebeba kazi ya mguu miaka yote hiyo. Nililia, ila nilipata na nafuu kujua sio mimi ninayejilegeza. Mwaka huohuo nikapata na kalipa mpya kupitia bima, vifaa vya mifupa vimo kwenye mafao, lakini mimi niliambiwa kwanza kiombwe kibali ndo kitengenezwe, na ilichukua muda. Kama chuma chako kimeanza kupasuka usisubiri kikatike.

Na mama naye, ana presha ya siku nyingi, akawa anachukua dawa zake kila baada ya miezi miwili bila kuniomba hela. Alikuwa akimaliza kliniki ananipigia simu kutoka Sengerema kusema tu wabheja, yaani asante kwa Kisukuma.

Sasa nifike penye kuuma.

Jumatatu tarehe 13 Mei 2024. Mama aliamka hawezi kuongea vizuri, kichwa kinamgonga, mdogo wangu akamleta na kivuko cha Kamanga, daraja la Busisi lilikuwa bado. Nikawakuta hospitali moja hapa mjini, presha imepanda vibaya, daktari akasema huyu halazwi kesho analazwa sasa hivi. Nikaenda dirisha la bima na kadi yake. Kijana akaingiza namba, akaingiza tena, akaniambia mama hii haisomi, imefungwa. Nikampa yangu. Nayo imefungwa. Nikamwambia haiwezekani mwanangu, mimi nakatwa kila mwezi, nikafungua mkoba nikatoa slipu. Huwa natembea na faili zima la karatasi zangu, mtu wa magongo ukisahau karatasi moja nyumbani ni safari nyingine ya bajaji kwenda na kurudi. Nikazipanga slipu juu ya kaunta, Februari, Machi, Aprili, kila moja imeandikwa bima 12,000. Akazisoma. Akaniambia kwa sauti ya chini, mama, hizi zinaonyesha umekatwa, hazionyeshi kama zimefika.

Nilikuwa nimeegemea gongo moja, lingine limeanguka chini, slipu zimetapakaa pale juu, jasho linanitoka. Nyuma yangu kulikuwa na foleni. Baba mmoja mtu mzima akasogea, akaweka noti ya 2,000 juu ya slipu zangu, akawaambia wa nyuma, jamani tumchangieni huyu mama mlemavu. Alikuwa na moyo mzuri yule baba, simlaumu hata kidogo. Lakini mimi nilikuwa sijaja kuomba. Nilikuwa nimelipa miezi 28 mfululizo bila kukosa, na hela yangu iliyokuwa haijafika ilikuwa miezi 3, yaani 36,000. Nikamrudishia noti yake, nikamshukuru, nikaenda dirisha la kesh.

Mama alilazwa siku nne, mungu akamsaidia akapona bila kupooza. Bili ikafika 412,000. Laki 2 nilikopa kwenye kikoba chetu kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi, kaka yangu aliyeko Geita alituma laki 1, na 112,000 ilikuwa ada ya mtoto ya muhula unaofuata. Kikoba nilikirudisha kwa miezi mitatu na riba yake. Mtoto alirudishwa nyumbani siku sita kwa sababu ya ada, alikuwa darasa la saba.

Baada ya hapo ndo nikafanya makosa mfululizo, na hapa ndo nataka msome taratibu.

Mama alipotoka tu nilikwenda moja kwa moja kwa bosi, peke yangu, nimechemka. Nikaongea kwa sauti, nikalia. Akaniambia dada pole sana, biashara imekuwa ngumu, wateja wa Congo wamepungua, tutalipa wiki ijayo. Na mimi nikatulia. Sikuandika chochote, sikumwambia na yeye aniandikie. Wiki ijayo ikawa wiki nyingine, nikawa namkumbusha kwa mdomo, wakati mwingine kwenye korido anapita, ananijibu nakumbuka dada yangu. Kumbe siku zinahesabika.

Mwanzoni mwa Juni ndo mwenzangu mmoja wa stoo akanishauri niende ofisi za NHIF nikaangalie mwenyewe. Nikaenda. Nikatoa namba yangu ya uanachama, yule afisa akanifungulia akanionyesha mwezi kwa mwezi, huu umelipwa, huu umelipwa, Februari hakuna, Machi hakuna, Aprili hakuna, Mei hakuna. Nikaomba karatasi ya hiyo taarifa ya michango, nikapewa. Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi nje nikajiuliza, hivi kwa miaka miwili na nusu nilikuwa nasubiri nini nisije kuuliza? Hamna ada, hamna foleni ya kutisha, ni kuuliza tu. Nilikuwa naangalia slipu kila mwezi nahesabu kama makato ni sahihi, 12,000 ipo, naridhika. Makato ni hela iliyotoka kwako. Mchango ni hela iliyofika kule. Katikati yake kuna mtu, na yule mtu akikwama wewe ndo utakayesimama dirishani.

Siku hizi namwambia kila ninayemjua, kila mwisho wa mwezi baada ya mshahara uliza michango yako, piga simu yao ya huduma kwa wateja au pita ofisini, na ukiona mwezi mmoja umeruka anza kuuliza hapohapo wakati hakuna anayeumwa. Na ukishika tabia hiyo angalia na NSSF, mfuko wa pensheni, maana huko ni asilimia 20 kwa jumla, ni hela nyingi kuliko bima, na ndo uzee wetu.

Ile karatasi niliwaonyesha wenzangu kazini. Hawakuamini, wengine walikuwa hawajaumwa kwahiyo hawakujua kadi zimefungwa. Tukawa watu saba, safari hii tukaandika barua, fupi, yenye tarehe, miezi inayokosekana na kiasi, tukaambatanisha taarifa kutoka mfuko, nakala yetu tukaomba igongwe mhuri wa kupokelewa. Katibu muhtasi hakutaka mwanzoni, tukasimama pale mpaka akagonga. Haikupita wiki mbili malimbikizo yakalipwa na kadi zikafunguka. Barua moja ya watu saba ilifanya kile ambacho machozi yangu hayakufanya. Mwajiri anajua kwamba sheria ya mfuko inamtaka akishakata apeleke, na asipopeleka kuna adhabu, na anajua zaidi akiona na nyie mnajua.

Lakini ile 412,000 yangu? Mfuko hauwezi kunirudishia, wakati mama anaumwa uanachama ulikuwa haupo hai. Hiyo ni kati yangu na mwajiri. Akaniambia tutaliangalia. Nikasubiri tena. Mpaka mdogo wangu akanisukuma niende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA ya mambo ya kazi. Nikaenda Ijumaa tarehe 26 Julai. Wakanipokea vizuri, wakaniuliza tatizo ulilijua lini? Nikasema tarehe 13 Mei. Akahesabu. Siku 74. Akanielezea kwamba mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Nilikuwa nimepitiliza siku 14. Kuna kuomba kuongezewa muda, unaeleza sababu za kuchelewa na unatakiwa uwe na kitu cha kuthibitisha, na mimi ahadi zote za bosi zilikuwa za mdomo kwenye korido.

Andikeni hizo namba mahali, 30 na 60. Sikuwa nazijua, na pale kazini hakuna aliyekuwa anazijua, na zile "wiki ijayo" ndo zilizokula siku zangu.

Nilijaza maombi ya kuongezewa muda hivohivo, nikapeleka nakala kazini. Kabla hatujaitwa, Septemba mwajiri akaniita akasema tuyamalize, nitakupa laki 2. Nilikuwa na deni, nikakubali, nikasaini karatasi. Karatasi yenyewe niliisoma vizuri nikiwa nyumbani usiku, imeandikwa sitadai tena chochote kuhusu jambo hilo. 212,000 yangu ikaishia hapo. Mngenishauri vipi sijui, najua tu kwamba ningeichukua ile karatasi nikalala nayo siku moja, nikamsomea mtu, ningeomba hata nyingine ilipwe kidogokidogo. Mtu akikwambia saini sasa hivi, mwambie naomba mpaka kesho.

Desemba 2024 mkataba wangu ukaisha na haukuhuishwa. Sijui kama ni kwa sababu ya hayo, sina ushahidi, wapo wengine wawili nao hawakuhuishwa. Kilichonikuta ni kwamba sikujiandaa. Nilijua mkataba unaisha tangu Oktoba, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye kazi, sikufikiria kwamba mchango ukikoma na kadi inakoma. Ningetumia miezi ile miwili kumaliza mambo yote, mama achukue dawa za kutosha, bega lipigwe tena picha, kalipa iangaliwe na kibali kiombwe. Niliyaacha yote. Januari mpaka Machi 2025 nyumba nzima hatuna bima, dawa za presha za mama nanunua duka la dawa, mwezi mwingine nikikosa anakunywa nusu nusu bila kuniambia. Niligundua siku nikihesabu vidonge kwenye pakiti, vimebaki vingi kuliko inavyotakiwa. Nilimuuliza akasema mwanangu nilikuwa nakupunguzia mzigo.

Siku hiyohiyo nikaamua ahamie kwangu, na nikaanza kutafuta bima ya mtu asiye na ajira. Kulipia NHIF mtu mmoja mmoja nikaona siwezi kwa watu wanne. Mwenyekiti wa mtaa akanikumbusha CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, wakati huo ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu mpaka sita. Mwandikishaji akaja hadi nyumbani, akatupiga picha na simu yake, kwa mtu wa magongo hilo peke yake ni msaada. Nikamuuliza maswali yote ambayo 2021 sikuuliza, inaanzia wapi, inaishia wapi, nani anaingia.

Nawaambia wazi ili msije mkashangaa dirishani. CHF inaanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya na inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa hapa Mwanza ni Sekou Toure. Unatakiwa ufuate ngazi, uanze chini upewe rufaa, ukiruka unalipa. Bugando ni hospitali ya kanda, iko juu ya hapo, haimo. Kwa presha ya mama na malaria za watoto inatosha, kwenye kituo cha afya anapata dawa, mwezi zikikosekana nanunua. Kwa mtu wa mifupa kama mimi haitoshi, daktari bingwa na kalipa ni hela yangu. 30,000 kwa watu wanne kwa mwaka mzima siwezi kuidharau, ila ukiwa na ulemavu jua kabisa mpaka wake uko wapi na upangie kile kilichobaki nje.

Nilichopanga mimi ni hivi. Nilipokuwa kazini mchango wangu na wa mwajiri ulikuwa 24,000 kwa mwezi. Nimeamua kujikata hiyohiyo. Nauza dagaa waliochambuliwa na kukaangwa, nafungasha kwenye pakiti ndogo, napeleka maduka ya Kitangiri na Kirumba, na kila tarehe 28 natoa 24,000 naweka kwenye laini nyingine ya simu ambayo inakaa kwa dada yangu na namba ya siri anayo yeye. Kwa mwaka ni 288,000. Humo nalipa CHF 30,000, inayobaki ni ya bega na ya kalipa. Kalipa nimeulizia kwenye karakana, mafundi wamenitajia 380,000, kwahiyo bado nina safari. Kuna mwezi mmoja nilishindwa nikaweka 10,000, mwezi uliofuata nikajazia.

Mtaji nilianza na kidogo nilichobaki nacho, sasa niko kwenye kikundi cha watu wenye ulemavu, tunaandaa maombi ya mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana na 2 ni yetu sisi. Hauna riba. Usumbufu upo wa katiba ya kikundi na akaunti ya benki lakini tunaenda nao. Na kwenye kikao cha kwanza nilisimama nikawaomba tukubaliane jambo moja, kila mwanakikundi aje na kadi yake ya bima ya aina yoyote, tuzikague pamoja kila baada ya miezi mitatu kama ziko hai. Tuko tisa. Siku ya kwanza tulizikuta nne zimekufa, na wawili kati ya hao wana ajira na wanakatwa.

Hao wawili nimewasindikiza wiki iliyopita kuomba taarifa za michango. Mmoja haoni, nilimsomea mimi mwezi kwa mwezi, na kwake inakosekana miwili. Barua tumeiandika jana kwa mkono wangu, tarehe juu, nakala mbili, na kesho asubuhi tunaipeleka wote tukagongewe mhuri. Siku zake tumeshaanza kuzihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwangu.